Bordire za Mama Nyiransabimana

Ukipanda kutoka Sake kwenda Masisi, ukafika pale ambapo barabara inaacha kujidai barabara na kuwa matope tu, utaona upande wa kushoto safu za tofali fupi zimelala chini ya majani ya migomba. Watu wa huko wanaziita bordire. Ni za saruji, kila moja ina urefu wa mkono mpaka kiwiko, juu imeviringwa, na usoni ina mistari mitatu ya kuteremka. Zinapangwa kuzunguka maua, kando ya njia ya kwenda mlangoni, au kutenga bustani ya mboga na mahali pa wageni. Hazizuii mbuzi, hazizuii mwizi, na vita vikija hazina habari. Kazi yake ni moja tu, kumwambia mtu kwamba hapa ni hapa na pale ni pale.

Anayezitengeneza ni Viateur. Ana miaka sitini na mitatu, mgongo umekataa kunyooka, na saruji imemla vidole hadi alama zake zimefutika. Siku alipokwenda kuandikishwa kupata kadi ya kura, mashine ilimkataa mara nne. Yule kijana wa mashine akamwambia, "Papa, wewe hauna vidole." Viateur akajibu, "Biko kumi, na byote bimechoka."

Alisema hivyo kwa mzaha, lakini hakukuwa na uongo ndani yake. Kuchoka kwa Viateur si kule kwa jioni ambako usingizi unakuondoa. Anaamka nako, anakunywa nako chai, anachanganya nako mchanga. Mkewe alifariki zamani. Mwanawe Hubert yuko upande wa Bisie, kwenye msitu wa Walikale, anabeba mizigo ya watu wa mgodi na kupiga simu pale anapopata mtandao, yaani ni kama hapigi. Kilichobaki ni kalibu la mbao ngumu alilopewa na fundi wa parokia aliyemfundisha kazi, fundi mmoja mkali aliyependa maua kuliko watu. Vita vilipofika na kila mtu akakimbia na godoro au sufuria, Viateur alikimbia na kalibu. Watu walimcheka njiani, na yeye hakuwa na nguvu ya kuwajibu.

Mwanamke aliyekuja kumtafuta asubuhi ile alikuwa amevaa buti za mvua na kitambaa kichwani. Viateur alikuwa amechuchumaa anamwagilia maji bordire zilizokuwa zinakauka, maana saruji isiponyweshwa siku saba inapasuka.

"Jambo, Papa Viateur."

"Jambo, mama. Karibu."

"Haunitambui? Njo miye Laetitia. Mutoto wa Nyiransabimana."

Viateur akainuka, polepole, mkono kiunoni. Alimjua msichana huyu kabla hajaolewa Goma na kuwa mwalimu. Alimjua mama yake zaidi, maana walikuwa majirani miaka thelathini, na Nyiransabimana ndiye mtu pekee mlimani pale aliyemwambia wazi kwamba bordire zake ni nzuri kuliko maua yanayowekwa ndani yake.

"Nimerudi," Laetitia akasema. "Nimetia mabati mapya. Batoto bako ndani. Nataka unipangie parsele yote, njia, mboga, na fasi ya bageni. Lakini kwanza mama. Banasema wewe njo ulimuzika."

"Njo miye. Na Hubert."

"Nataka umuwekee bordire za muzuri kabisa. Batoto banacheza, mbuzi zinapita, sipende mutu amukanyage. Padri atakuja Jumapili ya pili kumubariki, na famili yote itakuwa pale. Unajua fasi iko?"

"Najua," Viateur akasema.

Neno moja, na lilimtoka kabla hajalifikiria. Nisikufiche, lilikuwa uongo, ingawa yeye mwenyewe wakati ule hakuliona hivyo. Alisema anajua kwa sababu alipaswa kujua. Mtu akikuuliza umemlaza wapi mama yake, huwezi kusimama na koleo mkononi ukamwambia ngoja kwanza nifikirie.

Mambo yalikuwa hivi. Miaka miwili kabla, wiki ile ambayo mlima mzima ulikuwa unateremka kwenda popote, Nyiransabimana alikuwa mgonjwa wa kifua, hawezi kutembea. Laetitia alikuwa Goma na njia ilikuwa imefungwa. Asubuhi Viateur alipokwenda kumpelekea uji, alimkuta amekwisha. Mizinga ilikuwa inasikika upande wa ziwa. Jirani yao Mama Annonciata, aliyekataa kukimbia hata siku moja kwa sababu ya ng'ombe wake mmoja, alimfunga marehemu katika kitenge chake cha kanisani. Viateur na Hubert wakachimba ndani ya kiwanja chake mwenyewe, upande wa chini, kwenye mvua. Shimo halikuwa refu. Sala waliyosema haikufika amina, kwa sababu bomu lilianguka karibu, Hubert akamvuta baba yake mkono.

Hapakuwa na msalaba. Viateur alichomoa kijiti kibichi cha muyenzi kwenye uzio wa jirani, ule mti wenye maziwa makali ambao kila mtu huko anazungushia nyumba yake, akakichomeka upande wa kichwa. Akahesabu hatua saba kutoka kwenye mti wa avoka, akajiambia, hatua saba kutoka avoka, nitakumbuka. Kisha wakaenda.

Sasa sikiliza lile lililomkaa kooni miaka miwili. Nyuma ya nyumba ya Viateur, hatua ishirini tu kutoka kaburini, kulikuwa na bordire arobaini zilizokwisha kukauka. Mbili tu zingetosha, moja kichwani na moja miguuni. Hakuzichukua. Zilikuwa za mtu, mfanyabiashara mmoja wa Sake aliyezitaka kwa ajili ya maua ya mbele ya duka lake. Mabomu yanaanguka, mfanyabiashara mwenyewe amekwisha kuvuka ziwa, na Viateur bado anajiambia kwamba zile ni za mtu. Fundi wa parokia alimfundisha asiguse kazi ya mteja, na hilo ndilo somo alilokumbuka siku ile. Waliokuja nyuma walizifanya mafiga ya kupikia, zote arobaini.

Walitembea wiki nzima hadi Mpofi, ndani ya Walikale, na huko wakapokelewa na mkulima mmoja mwindaji aitwaye Sébastien. Viateur alitaka kumshukuru, akamtengenezea bordire sita mbele ya nyumba, ingawa hakukuwa na ua hata moja la kuzungusha. Mvua za msimu mmoja zilipokwisha, majani yalikuwa yamezimeza zote sita. Sébastien alicheka hadi akakaa chini. "Papa Viateur," akasema, "huku pori njo inapangaka mipaka. Siye tunaomba tu ruhusa." Viateur naye alicheka, ila usiku na mchana alikuwa anawaza kijiti chake kule Masisi, kama kimesimama au kimeanguka. Hata aliporudi, alijenga chini kando ya barabara na hakuthubutu kupanda kwenda kukitazama. Hakuwahi kuwaza jambo la tatu.

Jambo la tatu aliliona siku alipokwenda kupima kwa Laetitia.

Avoka haikuwepo. Ilikuwa imekatwa, na hata kisiki kilikuwa kimeng'olewa kuchomwa makaa. Jiko la zamani halikuwepo, na nyumba mpya ilikuwa imegeuzwa mlango utazame barabara. Na upande wa chini wa kiwanja, pale ambapo kijiti chake kilipaswa kuwa kimoja, palikuwa na miyenzi kumi na tisa. Aliihesabu mara mbili. Mingine ilikuwa imesimama kwa mstari, mingine hovyohovyo, yote ya kimo cha mtu, yote imekatwakatwa na kuchipua tena, na hakuna uliokuwa mnene kuliko mwenzake kiasi cha kumsaidia mtu.

Mama Annonciata alikuwa anapita na majani ya ng'ombe kichwani. Akasimama.

"Unashangaa miyenzi? Ni bale bakimbizi ba Nyabiondo. Familia sita balikaa hapa na mahema ya shitingi. Banakata muti, banapanda, juu ya kufanya uzio ya choo, ya kujikinga upepo. Weye unajua udongo ya hapa. Hata ukichomeka kijiko kitaota."

"Balikata wapi?"

"Mule mule mu parsele. Kulikuwa ka muyenzi kamoja kazuri pale katikati, njo balianzia."

"Pale wapi, Mama Annonciata?"

Akageuka, akatazama, akanyoosha mkono, akaurudisha. "Pale," akasema, "ao pale." Kisha akaenda zake, ng'ombe hangojei.

Viateur alikaa juu ya ndoo yake iliyopinduliwa. Fundi aliyepanga mipaka maisha yake yote alikuwa ameweka alama moja tu ya maana, na alama yenyewe ikazaa. Angekuwa kijana angecheka au angelia. Aliona uchovu tu, ukimpanda kutoka miguuni.

Angeweza kusema ukweli siku ileile. Laetitia alikuwa pale, amesimama mlangoni, anamtazama kwa matumaini hadi yeye akaona aibu. Badala yake akachagua muyenzi mmoja, ule uliosimama peke yake kidogo, akasema, "Hapa."

Alitengeneza bordire kumi na nne. Mchanga aliuchekecha mara mbili, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu aondoke Mpofi. Aliikuna ile mistari mitatu kwa msumari, mmoja baada ya mwingine, ikatoka safi. Alizinywesha maji asubuhi na jioni siku zote saba. Aibu haimlipi mtu, lakini siku zile Viateur aliifanyia kazi ya bure.

Siku ya nane alivuta uzi, akachimba mtaro mwembamba, akaanza kupanga. Upande wa miguu, koleo lake lilileta majivu na kipande cha sufuria. Mtu alipikia hapo. Viateur aliyatazama yale majivu kwa muda, akayafukia, akaweka bordire juu yake, akapima na nivo. Ilikuwa imelala sawasawa. Kufikia saa nane mchana zote kumi na nne zilikuwa zimekaa, na ilikuwa kazi nzuri, labda nzuri kuliko zote alizowahi kufanya. Ndani yake kulikuwa na udongo na muyenzi mmoja.

Laetitia akatoka na ndoo ya maua mekundu aliyoyang'oa mahali fulani. Akavua buti.

"Kichwa iko upande gani?"

"Huku," Viateur akasema, na akaonyesha.

Akapiga magoti upande ule. Viateur alitaka kuondoka, lakini zana zake zilikuwa zimetapakaa, ikambidi azikusanye, na alipokuwa anazikusanya akasikia kila neno. Laetitia alizungumza na mama yake taratibu, jinsi mtu anavyozungumza na mgonjwa. Akamwambia mabati yamewekwa. Akamtajia watoto, mmoja mmoja, na yule wa mwisho ambaye bibi hakumwona. Akamwomba msamaha kwa kutokuwepo. Akalia kidogo, akajifuta kwa kitenge. Halafu akasema, "Mama, Papa Viateur njo alikuchunga. Angekuacha mu kitanda, alipashwa kukimbia, lakini hakukuacha. Alikumbuka fasi yako miaka yote hii."

Viateur akauweka mwiko chini.

"Mutoto yangu," akasema. "Inuka. Inuka hapo, nakuomba."

Laetitia akageuka.

"Sijue kama iko hapo."

"Nini?"

"Mama yako. Sijue. Iko mu upande huu, kati ya miyenzi hii yote, lakini muyenzi gani, sijue. Niliweka moja. Bengine balikata, balipanda. Avoka haiko tena. Nilichagua tu."

Kuku wa Annonciata alipita katikati ya bordire, akaparua udongo, akaenda.

"Ulisema unajua," Laetitia akasema.

"Nilisema."

"Nimepiga magoti hapa. Nimemuambia juu ya batoto. Nilikuwa nasema na nani, Papa? Na choo ya bakimbizi?"

"Nisamehe."

"Juu ya nini ulinidanganya?"

"Nilikuwa nimechoka," Viateur akasema.

"Batu bote bamechoka!" Laetitia akapiga kelele, na watoto wakatoka mlangoni kutazama. "Hapa nani hajachoka? Mama alichoka mupaka akafa! Miye nimechoka! Mutu akichoka anasemaka uongo juu ya kaburi?"

Hapo, sijui kwa nini, labda kwa sababu lilikuwa limekaa kooni muda mrefu na mlango ulikuwa umefunguka, Viateur akamwambia na lile la pili. Akamwambia kuhusu bordire arobaini, zilizokauka, hatua ishirini tu.

Laetitia alimsikiliza mpaka mwisho. Sauti yake ilipotoka tena ilikuwa ndogo. "Ulikuwa na bordire arobaini, na mama ukamuwekea kijiti."

"Zilikuwa za mutu."

"Na mama alikuwa wa nani?"

Akaokota buti zake, akaingia ndani, akafunga mlango. Ndoo ya maua ikabaki pale. Viateur akabeba mwiko, nivo na uzi, akateremka nyumbani, akajilaza na nguo zake za kazi ingawa jua lilikuwa bado juu. Alitegemea kwamba akisema ukweli angeona nafuu. Watu wanasema hivyo. Yeye hakuona nafuu yoyote, aliona tu kwamba sasa wawili hawajui.

Siku tatu hakuchanganya mchanga. Siku ya nne Mama Annonciata alikuja na kusimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Laetitia anakuita. Kuja na uzi."

"Anataka nizing'oe?"

"Amesha kuzing'oa ye mwenyewe, zote. Kuja tu, Papa, usinichokeshe na weye."

Alipofika alikuta kiwanja kimebadilika. Laetitia alikuwa amewaita majirani waliobaki wakati wa vita, akawauliza mmoja mmoja, shitingi zilisimama wapi, choo kilikuwa wapi, watu walipikia wapi. Kila mahali alipothibitishiwa alichomeka mti mkavu. Kilichobaki baada ya hapo kilikuwa eneo kubwa la upande wa chini, lenye miyenzi kumi na mmoja ndani yake, na alikuwa amelizungushia kamba ya katani. Zile bordire kumi na nne zilikuwa zimepangwa mwanzo wa kamba, moja baada ya nyingine, zimepinda vibaya, kazi ya mtu asiyejua kazi. Zilifika mahali zikaisha.

Viateur alitazama kamba ile ilipopita. Ilikuwa imekula bustani ya mboga yote. Ilikuwa imekula ile sehemu ya wageni ambayo Laetitia alikuwa amekwisha kuipandia majani, na njia ya kwenda mlangoni ingelazimika kuzunguka kando ya uzio. Nyumba yenyewe ilibaki na ua mdogo wa kuanikia nguo.

"Tunaweza kuchimba," Viateur akasema kwa sauti ya chini. "Kidogo kidogo. Nitachimba miye. Nitamupata."

"Hapana." Laetitia hakumtazama. "Mulimulaza mbiombio. Hatutamuamusha tena juu ya kumutafuta. Iko mule ndani, haiko?"

"Iko mule. Hiyo naapa."

"Basi yote iko yake. Padri atabariki yote. Piga mezire, uniambie zinabaki ngapi, na utengeneze sawa na zile. Mistari tatu."

"Na mboga?"

"Tutanunua mboga."

Hakusema amemsamehe, na Viateur hakuuliza. Alifunga uzi kwenye mti wa kwanza, akaruka kamba, akaingia ndani, akaanza kupima kutoka upande mmoja hadi mwingine jinsi anavyopima siku zote, kwa hatua, midomo ikihesabu. Zitakwenda kama sabini. Saruji mifuko miwili na kitu, mchanga upo, siku saba za kunywesha, Jumapili haitafikiwa lakini padri atabariki kamba. Kichwa chake kilikuwa kimerudi kazini, na kwa mara ya kwanza wiki ile mgongo haukumuuma sana. Alikuwa amefika katikati, kati ya miyenzi miwili, alipomsikia Laetitia.

"Papa Viateur."

"Napima, mama."

"Toka mule ndani."

Akageuka. Laetitia alikuwa amesimama nje ya kamba pamoja na watoto wake, amewashika mikono wasivuke.

"Toka," akasema tena, bila hasira. "Utamukanyaga."

Viateur akasimama na mguu mmoja juu. Akatazama udongo mbele yake, akatazama kushoto, akatazama kulia, akitafuta mahali pa kuuweka. Yeye ndiye aliyelichimba lile shimo kwa mikono yake, na hakujua.